Je, Shida Huzaa Mapenzi?

Huenda umesoma riwaya ya mapenzi ambamo kijana na binti wanashindana kwenye televisheni kuishi kama watu wa kale, na shida zikawaunganisha. Hadithi tamu. Lakini je, ni shida iliyowaunganisha?

Mwaka 2001 familia tatu za Marekani zilipelekwa jimbo la Montana kuishi kama walowezi wa mwaka 1883, bila umeme wala maji ya mfereji. Kipindi hicho, Frontier House, kilionyeshwa mwaka 2002. Mwishoni wataalamu walikagua kuni, nyasi za mifugo na chakula, waone nani angevuka majira ya baridi. Wapenzi wawili walifunga ndoa huko huko. Mume na mke wengine, waliokaa bonde hilohilo, walitengana baadaye.

Taabu ilikuwa moja. Basi kazi ikipotea au karo ikikosekana, usingoje shida iwapatanishe. Mtazame mwenzako: kuni alizopasua anaziita zenu, au anakuandikia deni? Nawe pia jitazame. (Mimi, kusema kweli, bado huhesabu vyombo nilivyoosha.)