Msimu wa Ngoma na Haki ya Mapumziko

Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hadi Geita, mwaka haukuhesabiwa kwa mvua na kiangazi peke yake. Ulihesabiwa pia kwa ngoma. Mavuno yakisha kuingia ghalani na pamba ikisha kuuzwa, kati ya Juni na Agosti, ndipo mashindano ya mbina, kama ngoma ziitwavyo kwa Kisukuma, hufuatana kijiji baada ya kijiji. Vijana hucheza, mafundi wa vinyago na ngoma huonyesha kazi zao, na ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, husimama mbele ya watu na mashairi aliyoyatunga akiwa shambani. Swali tunalotaka kulichunguza hapa ni la kimaadili. Je, msimu huo ni anasa ambayo jamii inaweza kujinyima, au ni haki ambayo kila afanyaye kazi anaidai kwa jamii yake? Palipokuwa na jembe tu, jibu halikusumbua. Limekuwa gumu tangu dhahabu ilipoanza kushindana na jembe.

Yafaa kwanza tutazame mashindano yenyewe. Vyama viwili vikuu vya ngoma za Usukuma, Bagika na Bagalu, vilianza katika karne ya 19, na masimulizi huvinasibisha na waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja au viwanja vinavyokaribiana, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake: akichoshwa na kundi hili, huondoka akaenda kule. Ndiyo maana kila kundi hutafuta mbinu mpya, na hata dawa za mvuto, ili watu wasiondoke. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Na tuzo la kwanza hapa ni kule kusimama kwa watu wakitazama.

Katika desturi hiyo mna fundisho ambalo aghalabu hupuuzwa. Ikiwa umati ndio mwamuzi, basi umati lazima uwe na nafasi ya kuwapo. Mchezaji hodari peke yake hafanyi mashindano. Pasipo watu walioachiliwa na kazi kwa siku kadhaa, wanaoweza kusimama tangu asubuhi mpaka jua kuzama, sanaa hiyo hukosa hakimu wake. Mapumziko ya mkulima wa kawaida, asiyejua kupiga ngoma wala kuimba, ni sehemu ya sanaa yenyewe kama ilivyo ngozi ya ngoma.

Wako wasemao kwamba msimu wa ngoma hupoteza nguvu kazi. Hoja hii haina budi kujibiwa kwa haki, kwa maana ni kweli kwamba chakula huliwa kingi, pombe hunywewa, na ushindani wa vyama umewahi kuzaa chuki. Lakini wasemao hivyo husahau ngoma hizo zimetoka wapi. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe yanayorushwa na kudakwa, ilizaliwa katika kilimo cha pamoja, pale vijana walipolima shamba la mwenzao kwa mdundo mmoja. Vijana hao walikuwa na chama chao na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyepanga zamu za kazi. Mkono uliolima ndio uliocheza. Msimu wa ngoma ulikuwa malipo ya jasho, na kila aliyelima alijua kwamba malipo hayo yanamjia.

Sasa na tuitazame Geita. Mgodi wa kwanza mkubwa mahali hapo ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Uchimbaji mkubwa ulirudi mwaka 2000, na mwaka uliofuata mgodi wa Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, ukaanza kutoa dhahabu. Mwaka 2012 Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ikawa mkoa. Pamoja na makampuni wako wachimbaji wadogo, ambao hushuka katika maduara yao kwa kamba na tochi, na wengi wao hulipwa kwa mgawo wa mawe.

Dhahabu haina masika wala kiangazi. Mgodi mkubwa huenda kwa zamu, usiku na mchana, mwaka mzima. Na mchimbaji mdogo hathubutu kuliacha duara lake, kwa kuwa huenda mawe mazuri yakapatikana kesho yeye asipokuwapo. Shamba lilimwambia mkulima, sasa pumzika. Mgodi haumwambii mtu neno hilo kamwe. Kwa hiyo kile ambacho kilimo kilikitoa chenyewe, bila sheria wala mkutano, katika mji wa dhahabu hakiji mpaka watu wakubaliane kukileta. Ngoma haijafa huko: huchezwa mbele ya wageni kwa nusu saa, huchezwa arusini, hutazamwa katika simu. Lakini katika nusu saa ya kuwatumbuiza wageni hakuna mwamuzi. Mgeni hupiga makofi kwa adabu, na wenyeji ambao wangeweza kusema kwamba ningi huyu amerudia wimbo wa mwaka jana wako kazini.

Tatizo hili si la kwetu tu. Athens ya kale, ambayo ulimwengu huisifu kwa tamthilia zake, ilikuwa na sikukuu ya michezo ya kuigiza kila mwaka wakati wa machipuko, na baadaye ilikuwa na mfuko wa kuwalipia raia maskini kiingilio. Mji huohuo ulipata sehemu ya utajiri wake katika machimbo ya fedha ya Laurion, na waliochimba walikuwa watumwa, wasiohesabiwa kabisa katika posho hiyo. Mji ulijua kwamba maskini ana haki ya kuketi mbele ya jukwaa. Ulikataa tu kumhesabu mchimbaji kuwa mtu wa mji. Jamii yetu, iliyojengwa juu ya usawa wa binadamu, haiwezi kuiga nusu hiyo ya pili.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani mchimbaji asipoiona ngoma? Jibu moja liko karibu, katika Malya, Wilaya ya Kwimba. Huko, mwaka 1982 na 1983, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, waliwasaidia wanakijiji kutunga sanaa za maonyesho juu ya matatizo yao wenyewe. Jambo lililojitokeza ni mimba za wasichana wa shule, jambo ambalo watu hulinong'ona nyumbani na kulinyamazia mkutanoni. Katika uwanja wa mchezo liliweza kusemwa, na wazee na vijana wakajadiliana. Basi jamii isiyokuwa na uwanja wa namna hiyo hupoteza mahali pa kujiambia ukweli, na miji ya dhahabu, yenye wageni wengi, watoto wanaoacha shule na ndoa zinazovunjika, inauhitaji uwanja huo kuliko kijiji chochote.

Tunajua tutaambiwa kwamba zahanati na madarasa ni kwanza. Ni kweli. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inawataka wenye leseni waandae kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na serikali za mitaa. Hatusemi fedha hizo ziondolewe katika dawa zikapelekwe katika manyanga. Kitu kikubwa kinachotakiwa na ngoma ni siku. Kupanga zamu ili kila mfanyakazi apate walau siku chache za Julai katika uwanja wa mashindano, na wenye maduara kukubaliana kwamba mgawo wa aliye ngomani hautapotea, ni mambo ya mapatano na heshima kuliko ya fedha.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alishirikiana na Wasukuma kujenga makumbusho, na mashindano ya Bagika na Bagalu yakapewa nafasi katika sikukuu ya Bulabo ya kila mwaka. Mfano huo waonyesha kwamba msimu waweza kuwekwa kwa makusudi na ukadumu. Nsumba ntale aligawa zamu za kulima, na hakuna kijana aliyelima ambaye alizuiwa kwenda kucheza. Yeyote agawaye zamu leo, awe meneja wa mgodi au mwenye duara, amerithi kazi ya nsumba ntale, na wajibu wake pia.