Yule farasi alikosa nini?



Katika toleo hili tunarudia jambo lililotusumbua katika maombi ya Alhamisi, nanyi wengi mnalijua. Mama mmoja wa kwaya, mwenye presha ya siku nyingi, alikuwa akimeza vidonge vya captopril alivyopewa zahanati. Kijana mmoja, kwa nia tu ya kuonyesha elimu yake, akamwambia kwamba asili ya dawa ile ni sumu ya nyoka. Mama akashtuka. Alifika nyumbani, akavifunga vidonge katika kitambaa, akavichomeka kwenye nyasi za paa, akaacha kabisa. Hakumwambia mume wake wala mganga wa zahanati. Wiki ya tatu kiharusi kikampiga akiwa kwenye foleni ya maji. Leo anatembea, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto haukamati vizuri.

Tulipoketi kuzungumza juu ya habari hii, maswali yalizidi muda, tukaahidi kuandika. Tunaandika kama tulivyozungumza, maana hatukumaliza kwa kukubaliana.

Kwanza ukweli wa dawa yenyewe. Kijana hakusema uongo, ila alisema nusu. Nyoka huyo yupo. Anaitwa jararaca, anaishi Brazili, na sumu yake huweza kuishusha presha ya aliyeumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu watatu wa huko, Maurício Rocha e Silva, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld, waliichanganya sumu hiyo na damu ya mbwa, wakagundua kwamba damu yenyewe hutoa kitu kinacholegeza mishipa. Wakakiita bradikinini. Mwaka 1965 Mbrazili mwingine, Sérgio Ferreira, akaonyesha kwamba ndani ya sumu mna kitu kinachoifanya bradikinini iwe na nguvu zaidi. Alikipeleka London, kwenye maabara ya John Vane, na kutoka huko habari ikafika Marekani. Hapo David Cushman na Miguel Ondetti wakatengeneza kidonge mwaka 1975, kikaruhusiwa kutumika mwaka 1981.

Jinsi kinavyofanya kazi si fumbo. Kila mmoja wetu amewahi kubana mpira wa maji kwa kidole akaona maji yanavyoruka kwa nguvu. Mishipa ya damu nayo ikikazwa, damu husukumwa kwa nguvu kubwa, moyo huchoka, na siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Mwilini mna mfanyakazi mdogo sana, wataalamu humwita kimeng'enya, ambaye hutengeneza kitu cha kuikaza mishipa na papo hapo huivunja bradikinini inayoilegeza. Sumu ya nyoka yule humzuia mfanyakazi huyo. Wataalamu waliiga namna ya kumzuia, basi. Ndani ya kidonge hamna sumu ya nyoka hata chembe moja, kinatengenezwa kiwandani. Mama mjamzito asikitumie, na anayepata kikohozi kikavu amwambie mganga, ziko dawa nyingine. Lakini mtu asiache dawa ya presha mwenyewe kimyakimya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wana presha, na karibu nusu yao hawajijui. Ugonjwa huu hauumi mpaka umeshaharibu.

Suala la nyoka lilikwisha mapema. Mtu alikumbusha habari za jangwani katika Hesabu 21, watu wakacheka, tukadhani tumemaliza. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akainua fimbo yake kuomba nafasi. Huyu ni mfugaji tangu utoto. Ng'ombe zake zilibaki upande wa pili wa mpaka na hakuna aliyemletea habari zake. Akasema, "Hayo ya nyoka nimeyasikia. Mimi nataka kujua habari ya yule farasi mliyemtaja. Alikosa nini?"

Farasi huyo tulimtaja kwa kupita tu, tukieleza upimaji wa presha ulianza wapi. Tumweleze sasa kwa ukamilifu.

Katika kijiji cha Teddington, karibu na London, kuanzia mwaka 1709 hadi kufa kwake mwaka 1761, alikuwako mchungaji wa Kianglikana aliyeitwa Stephen Hales. Alibatiza na kuzika kama wachungaji wetu. Pamoja na hayo alipenda kuchunguza viumbe. Wakati huo watu walikwisha kujua kwamba damu huzunguka mwilini, kwa kuwa daktari William Harvey alilithibitisha hilo mwaka 1628, naye kwa kuwapasua wanyama. Jambo ambalo hakuna aliyelipima ni nguvu ya msukumo wa damu. Hales akaamua kupima. Mwezi wa Desemba alimtwaa farasi jike wa miaka kama 14, mwenye kidonda sugu mabegani, akaamuru afungwe chali akiwa hai. Akaufungua mshipa mkubwa wa paja la kushoto, akaingiza mrija wa shaba, na juu yake akaunganisha mrija wa kioo wenye urefu wa futi 9. Alipoachilia mshipa, damu ilipanda ndani ya kioo hadi futi 8 na inchi 3, yaani mita 2 na nusu, ikipanda na kushuka inchi 2, 3 hata 4 kwa kila pigo la moyo. Kisha akawa anamtoa damu kidogo kidogo na kupima tena, hadi farasi akafa. Dawa ya usingizi kwa upasuaji haikuonyeshwa hadharani mpaka mwaka 1846. Aliyaandika haya yote katika kitabu alichokitoa mwaka 1733.

Wengi wetu farasi tumewaona katika picha tu. Lakini mzee yule alikuwa anamwona mnyama mgonjwa, ametumika miaka yake yote, amefungwa miguu na watu aliowazoea. Wafugaji wengine waliokuwapo waliinamisha vichwa.

Hales hakuwa mtu mkatili, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Kama angekuwa mwovu tungemlaani tukaenda zetu. Katika miaka ya 1740 alibuni mashine za kuingiza hewa safi, zikafungwa kwenye meli na magereza, mahali ambapo watu walikuwa wakifa kwa kurundikana. Sisi tuliolala kwenye mahema ya mapokezi, familia nne katika hema moja, tunaweza kumshukuru mtu wa namna hiyo. Mwenyewe aliandika kwamba baada ya majaribio ya mwanzo aliiacha kazi ile miaka mingi kwa sababu upasuaji ulimchukiza. Jirani na rafiki yake, mshairi Alexander Pope, alimheshimu sana, ila alihuzunika kwamba mikono ya mtu mwema kama huyo ilikuwa na damu nyingi hivyo, akauliza tunajuaje kwamba tuna haki ya kuwaua viumbe hawa, hata kama wanatufaa. Swali la Pope na swali la mzee wetu ni moja.

Jibu la haraka lilitolewa na ndugu mmoja: mwanadamu ni bora kuliko mnyama, amepewa kutawala, Mwanzo 1. Hatulikatai andiko. Lakini hatukuridhika na jinsi lilivyotumiwa. Wengi wetu, kabla ya kufukuzwa makwetu, tuliitwa kwanza majina ya wanyama na wadudu. Majina yalitangulia, mapanga yakafuata. Mtu aliyepita njia hiyo hawezi kusikia maneno "ni mnyama tu" akakaa kwa raha, maana anajua kwamba mstari huo ukichorwa na mwenye nguvu huweza kusogezwa usiku mmoja, na asubuhi ukajikuta uko upande wa pili. Na yule punda wa Balaamu, Hesabu 22, ndiye aliyemwuliza bwana wake amemkosea nini. Mzee wetu alichukua swali lake huko.

Hata hivyo tulimjibu kwa habari nyingine, nayo inatuhusu sisi watu wa makambi. Mwezi Novemba 1933 serikali ya Hitler huko Ujerumani ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama, pamoja na kudhibiti majaribio juu yao. Mwaka 1942, katika kambi ya wafungwa ya Dachau, madaktari wa serikali hiyohiyo waliwatumbukiza wafungwa katika matangi ya maji ya barafu, na wengine waliwafungia katika chumba kilichopunguzwa hewa, ili waone moyo na damu ya mtu hufanya nini. Wengi walikufa. Baada ya vita madaktari walishtakiwa huko Nuremberg, na hukumu ya mwaka 1947 ikatoa kanuni kumi. Ya kwanza ni kwamba mtu lazima akubali kwa hiari yake. Ya tatu husema kwamba jaribio juu ya mtu litangulie kujengwa juu ya matokeo ya majaribio kwa wanyama.

Maana yake tuliifikiria kwa muda. Kama mnyama asipotangulia, atatangulizwa nani? Hatudhani watakuwa watoto wa mawaziri. Atakuwa mfungwa, yatima, mtu asiye na karatasi, mtu wa foleni ya mgao. Kwa hiyo tunasema, bila furaha, kwamba tunakubali mnyama atangulie. Captopril ilipita kwa mbwa na panya kabla ya kufika kwa mama yetu wa kwaya, nasi hatungetaka ipite kwake kwanza.

Lakini kukubali si sawa na kusema hakuna deni. Hapa mzee alitusaidia kuliko vitabu. Alisema mfugaji huchinja, hakuna asiyejua. Ila hachinji akicheka, hamchinji mama mbele ya ndama wake, hampigi anayekwenda kufa, na nyama haitupwi. Anayefanya hivyo watu humkatalia binti zao. Cha ajabu ni kwamba wataalamu walifika karibu na hapo kwa njia yao. Uingereza ilitunga mwaka 1876 sheria ya kwanza ya kudhibiti majaribio ya wanyama. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kwamba mtafiti ajiulize mambo matatu: je, yaweza kufanyika bila mnyama? Kama hapana, je, kwa wanyama wachache zaidi? Na maumivu yapunguzwe vipi? Siku hizi nchi nyingi zinazitambua kanuni hizo katika sheria au taratibu zao. Hata kipimo cha presha kilifuata njia hiyo pasipo kukusudia. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alileta mkanda wa kufunga mkononi, mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa kwa kifaa cha masikioni, na tangu hapo hakuna haja ya kuchana mshipa wa kiumbe chochote ili kujua presha ya bibi yako.

Nasi tunaopokea je? Deni tunaliona katika mambo madogo. Vidonge vilivyofichwa kwenye nyasi za paa hadi muda wake ukapita. Makopo ya dawa yanayouzwa sokoni kwa mafungu, mawili mawili, kwa mtu asiyejua ni ya nini. Katoni zinazokaa ghalani kwa sababu karatasi haijatiwa sahihi, wakati watu wanarudishwa nyumbani wakiambiwa dawa hakuna. Farasi wa Teddington, mbwa wa São Paulo na nyoka aliyekamuliwa sumu hawakuulizwa. Kilichotoka kwao kikiozea kwenye paa, kwa maneno ya mzee, hiyo ni nyama iliyotupwa.

Hatujamshinda. Alisema amesikia yote, na kwamba watu wa Dachau wanamfanya akubali nusu. Nusu nyingine bado anayo. Anauliza kama majaribio ya zamani yanayorudiwa tu ili mtu apate cheti nayo yanahesabiwa kuwa lazima. Tulimwambia kwa maoni yetu hayahesabiwi. Akasema basi nani anayewazuia? Hapo ilikuwa saa kumi na mbili, ikabidi tufunge kwa maombi kwa sababu ya giza.

Mama wa kwaya amerudia dawa. Mjukuu wake humkumbusha asubuhi, na kila mwezi hupelekwa kupimwa kwa baiskeli ya shemasi. Wenye neno juu ya swali la mzee waliandike kwa mwandiko unaosomeka, wampe katibu wa usharika kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Na yeyote mwenye dawa alizoacha kumeza, azipeleke zahanati pamoja na kadi yake, bila kuogopa kugombezwa.