Amina Niliyokosea

Andiko: Kumbukumbu la Torati 23:12-14, Nehemia 3:5, 14



Jumapili iliyopita ndugu mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Alikuwa pale steji akila mahindi choma, akatupa gunzi kando ya barabara. Kabla hajapangusa mikono, kanjo wawili wakamshika, wakamwonyesha gari lao na kumwambia atalala ndani hadi apelekwe kortini. Akaomba kimoyomoyo. Askari mmoja akalegea, akachukua mia tano, wakamwachilia. "Mungu wetu hufungua njia!" Kanisa lote likapiga makofi na vigelegele. Na mimi mchungaji wenu nikasema Amina, tena kwa maikrofoni.

Usiku ule usingizi ulikataa. Nilikuwa nimebariki nini? Takataka barabarani, hongo juu yake, na juu ya yote mawili tukaweka jina la Yesu.

Najua utaniambia, "Pasta, hao kanjo ni wakora." Ngoja. Mimi pia natembea mjini. Unaweza kushikwa mahali ambapo hata ukitafuta pipa la taka kutoka steji hadi soko hulioni. Mama mboga anamwagiwa nyanya zake, na anayemwaga lori nzima la vifusi usiku hashikwi. Hiyo ni dhambi, na siku ya hesabu iko. Lakini ukitoa ile mia tano, umemlipa askari afanye vivyo hivyo kesho kwa mtu ambaye hana mia tano. Huyo ndiye atakayelala ndani. Hapo ndipo ushuhuda wetu uliponiuma.

Turudi kwa Neno. Israeli wako kambini, wanaenda vitani. Musa anawaagiza kwamba kila mtu, pamoja na silaha zake, awe na kijiti cha kuchimbia. Akienda haja nje ya kambi, achimbe na afukie. (Cheka tu, lakini iko kwa Biblia.) Na sababu anayotoa si ugonjwa wala askari. Ni kwamba Bwana anatembea katikati ya kambi, na akiona uchafu atageuka awaache. Mko na mimi? Tunakesha tukilia uwepo wa Mungu ushuke, halafu asubuhi uwanja umejaa chupa za maji. Atatembea wapi?

Mnakumbuka 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku? Sheria ilitaja faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tuliogopa. Vyondo vikarudi sokoni. Leo kuna anayekufungia sukuma kwa ile karatasi iliyofichwa chini ya meza, na wewe mpendwa unaipokea huku ukiangalia kushoto na kulia. Hofu ya faini huishia pale askari anapopinda kona.

Sasa Nehemia. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo wafanye kazi. Lakini Lango la Jaa, lile la takataka, alilijenga Malkiya, mkuu wa mtaa mzima. Mheshimiwa kwa lango la taka! Sisi hapa kufagia tumewaachia kina mama wa zamu, na wazee tumekalia viti vya mbele.

Na ninyi ndugu mnaofanya kazi kaunti, mko humu, nawajua. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi. Aliwaambia watosheke na mshahara wao, wasidhulumu mtu. Mwenye makosa mpeleke kortini. Pesa yake usiishike.

Yule ndugu alikuja kuniona Jumatano. Tumeomba pamoja, ingawa hajafurahi sana na mimi, na ninamwelewa. Yeye alieleza mambo jinsi yalivyotokea. Aliyekosea Amina ni mimi. Jumapili hii nitaiondoa mbele ya kanisa.

Kabla ya hapo, tukutane Jumamosi saa mbili asubuhi kwa mtaro wa nyuma ya kanisa. Umeziba kwa vikombe vya harusi zetu wenyewe, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa majirani wa nyumba za mabati. Beba jembe, sepetu au gunia. Wazee watangulie.