Wahyi, Ilhamu na Wasiwasi

Ndugu zetu Waislamu, twasikia mtu akisema, "Nimepata wahyi." Tahadharini na neno hili. Qur'ani imelitumia kwa nyuki na kwa mama yake Nabii Musa, tena kwa mashetani wawanong'onezao marafiki zao; ama wahyi wa sharia umekhitimishwa kwa Mtume wetu (S.A.W.). Tulichobakishiwa ni ilhamu, kheri itiwayo moyoni, nayo haihalalishi la haramu. Tarehe 2 Aprili 2015, hapa Garissa, watu 148 waliuawa chuoni na waliodai kuitetea dini. Msukumo wa namna hiyo si ilhamu, bali ni wasiwasi wa Shetani. Basi kila litujialo moyoni na tulipime kwa Kitabu na Sunna kabla ya kulitenda. Wallahu aalam.