Je, Ni Halali Mkimbizi Kusoma Somo Analolipenda Tu?



Mara nyingi tunasikia swali hili kambini: mtu akitaka kusoma masomo ya juu, ni lazima achague somo la kumpa kazi, au anaweza kuchagua lile ambalo moyo wake unalipenda tu? Mama akisema anataka kusoma historia, jirani humwuliza, "Historia utaipika?" Swali hilo si dhihaka tu. Posho ni ndogo, na watoto wanataka kula. Tusilijibu kwa wepesi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna nafasi chache ambazo mmoja akiipata, mwenzake anaikosa. Katika kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, shirika la Kepler lilianza mwaka 2015 kuwasaidia wakimbizi kupata digrii ya chuo kikuu cha Marekani, Southern New Hampshire, bila kuhama kambi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, vijana wakimbizi 15 kwa kila 100 wawe katika elimu ya juu. Hata lengo hilo likitimia, 85 watabaki nje. Basi aliyepata kiti ana deni kwa hao, na ni haki kumwuliza atawarudishia nini. Lakini jibu lake si lazima liwe mshahara. Ajuaye historia aweza kuwafundisha watoto waliozaliwa ukimbizini, ambao wanaiona nchi ya asili ng'ambo ya maji na hawajui wazee wao waliishije huko.

Pili, kuna masomo yasiyomnyima mtu kitu: kitabu cha kuazima, kozi ya bure katika simu, jirani aliyekuwa mwalimu akifundisha jioni. Elimu si kama unga wa posho, ukiigawa haipungui. Mama akiisha kupika, kulima na kulaza watoto, kisha akafungua daftari, nani amedhulumiwa?

Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1963 naye akiwa rais. Hakuhitaji cheti wala cheo. Lakini mtu atasema, "Yule alikuwa ameshiba." Basi tumtazame Paulo. Alikuwa kifungoni, akijua kwamba mwisho wake umekaribia, akamwandikia Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu (2 Timotheo 4:13). Hakuwa akitafuta kazi. Wala hakusema joho kwanza, vitabu baadaye. Aliviomba pamoja, kwa sababu baridi ni ya kweli na kiu ya kujua ni ya kweli pia.

Katika maisha yetu, wengine huamua kiasi cha posho, mahali pa kulala na siku ya kuhamishwa. Kuchagua tutakachojifunza ni moja ya machache yaliyobaki mikononi mwetu. Mtoto amwonaye mama yake akisoma bila kuahidiwa kitu hujifunza kwamba mtu ni zaidi ya karatasi yake ya ukimbizi.

Kwa hiyo tusiwacheke. Tuwaulize mawili tu: Je, nyumba yako haijaachwa? Na ukijua, utatufundisha? Akijibu vema, tumwache asome, na tumshikie mtoto saa moja ya jioni.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.