Nuru Haidanganyi. Sisi Je?

Weka kamera mahali isipotikisika, zima taa, acha lenzi wazi sekunde 30. Pita mbele yake ukizungusha tochi ya simu. Kwenye picha utaona duara la moto likielea hewani. Wewe mwenyewe humo: ulikuwa gizani na hukutulia, kamera haikukunasa.

Je, hiyo picha ni uongo?

Wengi watasema ndiyo, maana hakuna jicho lililowahi kuona duara zima. Lakini kila nukta ya nuru ile ilikuwepo kweli. Mwaka 1949, huko Vallauris, Ufaransa, Gjon Mili alimpiga picha Pablo Picasso akichora hewani kwa taa ndogo ya umeme. Hakuna aliyeongeza mistari ile baadaye. Filamu ilikusanya tu kilichokuwa kikipotea.

Halafu inakuja kompyuta. Unakoleza rangi, unafuta nguzo ya stima pale kona. Sawa tu. Lakini programu hiyo hiyo inaweza kugeuza watu 50 wa mkutano wa siasa wakawa 500, au kumng'arisha msichana ngozi mpaka mamake aulize huyu ni nani. Picha hizi zinaonekana za kawaida kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Duara la moto linakwambia wazi kwamba limetengenezwa. Umati wa bandia unanyamaza.

Kuna wanaosema basi tusihariri kabisa. Lakini hata picha isiyoguswa huficha. Miaka ya 1910 Frank na Lillian Gilbreth, huko Marekani, waliwavalisha wafanyakazi vitaa vidogo mikononi, wakaacha lenzi wazi ili kupima mwendo wa kazi. Mistari ya nuru ilionyesha mkono ulikopita. Haikuonyesha mgongo unavyouma.

Kwa hivyo uongo hauko kwenye tochi wala kwenye programu. Uko kwenye ahadi. Kuna picha inayosema "hebu tucheze", na kuna inayosema "hivi ndivyo ilivyokuwa". Ukiahidi ushahidi kisha ukacheza, umedanganya.

Kabla hujaposti, jiulize: atakayeiamini hii picha atafanya nini? Kama atasema tu "wueh!", endelea. Kama atapiga kura, atamhukumu mtu, au atajichukia mbele ya kioo, ana haki ya kujua ulichogusa.