Nyumba ya Aliyekimbia ni ya Nani?

Mji wa Bunagana ni mdogo, lakini habari zake zimefika mbali. Uko katika nchi ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, penye mpaka wa Kongo na Uganda, karibu na mlima Sabinyo. Tarehe 6 Julai 2012 waasi wa M23 waliuteka. Mwezi wa Oktoba 2013 jeshi la serikali likaurudisha. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wakauteka tena. Mara zote mbili ulipotekwa, watu maelfu walivuka kwenda upande wa Kisoro, watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Nyumba haivuki mpaka. Yabaki na mabati yake, na shamba la viazi nyuma yake. Ndipo latokea swali liwasumbualo wenye dhamiri njema. Mtu wa kijiji kingine, naye amefukuzwa na vita, aikuta nyumba ile tupu. Mvua yanyesha, watoto wake watetemeka. Akiingia na kulala, je, ni mwizi?

Si mwizi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu mwenye shida kubwa, ya wazi na isiyongoja, akitwaa cha mwingine apate kuokoa uhai, hatendi wizi. Kwani vitu vya dunia viliwekwa viwafae watu wote. Lakini shida ile yampa mtu ruhusa ya kutumia tu, haimpi milki. Na yule abanduaye mabati ili ayauze sokoni, huyo ni mwizi tu, hata akiwa mkimbizi mara tatu.

Jambo gumu zaidi laja baadaye. Mgeni ametengeneza ukuta, amepanda maharagi, labda amezika mtoto wake uani. Kisha mwenyewe anarudi. Wengine husema: Aliiacha, basi imepotea kwake. La, hasha! Aliyekimbia risasi hakuacha kwa hiari. Serikali za Maziwa Makuu zenyewe, katika mkataba uliotiwa sahihi Nairobi mwaka 2006, ziliweka itifaki nzima juu ya mali ya watu wanaorudi kwao.

Basi nyumba irudi kwa mwenyewe. Maharagi je? Ni ya aliyeyapanda. Mwenye nyumba akimtoa mgeni kabla ya mavuno, anamtenda yale yale aliyotendwa na vita. Na akimnyima njia ya kufika penye kaburi la mtoto, haki yake imekwisha kugeuka kisasi. Tena si haki kumwita mgeni mshirika wa askari kwa sababu tu alikutwa ndani. Neno hilo hutamkwa upesi mno katika miji ya mpakani, na limekwisha kuua watu.

Mgeni naye auangalie ulimi wake. Mwaka wa kwanza alisema, "nyumba ya fulani". Mwaka wa tano asema, "nyumba yangu". Ni siku gani alipotoka katika shida akaingia katika tamaa? Hakuna hakimu awezaye kuionyesha siku ile. Yeye peke yake aijua.

Na wako watu wa Bunagana waliorudi baada ya mwaka 2013, wakaingia tena katika nyumba zao, ambao mwaka 2022 walikuwa tena ng'ambo ya mpaka, wakitafuta pa kulaza watoto juu ya ardhi ya mtu mwingine.